Viti vya Ng'ambo kwa Binti wa Seremala

Ipo siku moja ya kiangazi ambayo naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nimesimama mlangoni mwa atelie, karakana ya baba yangu, pale Kamembe, nawatazama wanaume wageni wakishusha mbao zangu kutoka darini. Nasema mbao zangu kwa sababu mtaa mzima ulizijua kwa jina hilo: mbao za Zaina. Baba yangu, Mzee Sefu, alikuwa seremala. Mwaka niliozaliwa alinunua mbao za mvule, zile nzito za rangi ya asali, akazipanga juu darini zikauke taratibu. Ndivyo walivyofanya maseremala wa mtaa wetu wakipata binti. Mbao zinakauka, mtoto anakua, na siku ya kuolewa ikikaribia baba anazishusha na kutengeneza kitanda, kabati na viti vya kwenda navyo kwa mume.

Wateja walizitamani sana mbao zile. Kila aliyeinua macho aliuliza bei. Baba alikuwa akitoa penseli sikioni, ananinyooshea mimi niliyekuwa nacheza na maranda sakafuni, anasema, "Zile ziko na mwenyewe, yule pale." Mteja anacheka, nami najiona mkubwa kuliko watoto wote wa Kamembe.

Sasa jana ulinikalia hapa na simu yako, unanipitishia picha za makochi unayoyataka siku ukiolewa, yanayokuja kwa meli kutoka huko mbali. Ukaniuliza, "Bibi, haya na yale ya fundi wa hapa, yapi mazuri?" Nikakuambia yote mazuri. Ukadhani nakukwepa, ukanuna, na ukinuna unafanana na mama yako kabisa. Sikukukwepa. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na pa kuanzia ni pale mlangoni mwa atelie, mbao zangu zikipakiwa kwenye kamioneti, kigari cha mizigo cha mtu mwingine.

Baba aliziuza yeye mwenyewe. Hakulazimishwa na mtu wala hakuwa na shida. Aliziuza ili aninunulie salon ya ng'ambo, seti ya viti na meza za sebuleni.

Unajua desturi yetu, haijabadilika: mume anatafuta nyumba, na nyumbani kwa binti ndiko kunakotoka vya kuijaza. Vitu hivyo vinapita barabarani mchana kweupe, wanawake wanaimba nyuma yake, na watu wote wanatoka kutazama. Wanatazama kweli, wala hawajifichi. Wanahesabu, wanapima, wanasema. Mabinti wengi wa Kamembe walipita na vitanda vya Mzee Sefu, na watu wakasema, "Huyu baba ametoa, amemwendea Sefu mwenyewe." Basi nilipochumbiwa mimi, shangazi yangu Mariamu, dada yake baba, aliyekuwa akifanya biashara ya vitenge kati ya kwetu na Bukavu, mji wa upande wa pili wa mpaka, alikuja nyumbani na neno lake.

"Kaka, siku hizi muntu wa heshima anaoza mutoto na salon ya inje," alisema. "Biti ya mbao, ya kuikalia, kila muntu iko nayo. Na weye ni fundi. Ukimupatia biti yako, batu batasema nini?"

"Batasema Sefu alimupa mutoto wake mabaki ya atelie," baba alijibu, na nikaona kwamba jambo hilo alikuwa amelifikiria siku nyingi kabla ya shangazi kulisema. "Batasema hakutoa kintu."

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Na baseme! Mutoto ni wao?"

Baba akashika shauri la dada yake. Ni kosa ambalo fundi peke yake angeweza kulifanya, mwanangu. Kazi ya mikono yake ilikuwa heshima kwa binti wa kila mtu, lakini kwa binti yake mwenyewe aliiona ni kitu cha bure. Aliona kwamba mtu asipofungua mfuko hajatoa. Na alinipenda, ndiyo maana nasema kwa upole. Mtu asiyependa hajisumbui hivyo.

Mimi je? Mimi nilitaka kitanda cha baba. Nilikitaka tangu nilipokuwa sijui kuolewa ni nini. Lakini mwali hafungui mdomo juu ya vyombo vyake. Akichagua, wakubwa wanasema huyu keshahama kabla ya kuhama. Nikasimama pale mlangoni, nikatazama zile mbao zikiondoka, nikaingia ndani nikamsaidia mama kuchambua mchele.

Salon ilitoka kwenye duka kubwa la Bukavu lililouza vitu vya ng'ambo. Shangazi aliichagua, na lazima nimpe haki yake, alichagua vizuri. Fotei, vile viti vipana vya mikono, za skai, ile ngozi ya plastiki, ya rangi ya kahawa, zenye miguu ya chuma iliyong'aa mpaka unajiona. Meza fupi ya kioo. Kabati lenye kioo kirefu. Kitanda cha chuma na somiye yake ya springi za kubebea godoro. Siku ya kuvuka daraja la Rusizi, afande mmoja wa forodha aliikalia fotei moja kwanza, akaruka ruka kidogo, akasema bibi harusi amebarikiwa. Shangazi aliisimulia hadithi hiyo mpaka anazeeka.

Tulipita Kamembe polepole. Wanawake waliimba, watu wakatoka madukani, na wengine wakatufuata mpaka njia panda. Baba alisimama mbele ya atelie yake. Watu walimshika mkono, "Mzee Sefu, umeoza kweli!" naye akitabasamu na kuitikia kwa kichwa. Mama aliniambia baadaye kwamba tulipopotea kwenye kona alirudi ndani, akakaa juu ya benchi lake la kazi, na siku hiyo hakugusa msumeno.

Nilikwenda kuishi Muganza, kule chini kwenye joto, kwa sababu babu yako Ramazani alikuwa anafanya kazi katika kiwanda cha simenti. Nisikudanganye, mwanangu. Ukiwasikia wazee wengine watakuambia vitu vya ng'ambo vinavunjika siku ya pili. Vile vyetu havikuvunjika. Miguu ilibaki imenyooka, springi hazikulia. Kasoro yake ilikuwa joto tu: ukikaa kwenye skai adhuhuri, kuinuka ni kama kubanduliwa plasta, ikabidi nitandike vitenge juu yake. Babu yako alizipenda fotei zile kupita kiasi. Akitoka zamu alikuwa anapiga magoti na kitambaa kuzifuta vumbi la simenti kabla hajaniuliza nimeshindaje. Nilikuwa namtania kwamba ameoa fotei, mimi nimekuja kuzisindikiza.

Kilichoniuma kilikuwa kitu kingine, na sikukijua mpaka nimekaa muda. Baba hakuja.

Kwa wazee wetu, baba hakanyagi nyumba ya mkwe wake hivihivi. Mama anakwenda, ana sababu zake za kike, uzazi, ugonjwa, kusalimia. Lakini baba akibisha hodi kwa mkwe bila kazi na bila kuitwa, watu wanasema amefuata chakula cha binti yake. Mzee Sefu alikuwa mtu wa haya kuliko wengine. Sasa sikiliza. Wale mabinti wa watu, waliokwenda na vitanda vyake, walimwona kila mwaka. Droo ikikwama, mguu ukilegea, anaitwa. Anakuja na sanduku lake la vyombo, anatengeneza, anakaribishwa chai, anawajua watoto wao kwa majina. Alikwenda Mururu, alikwenda vilima vyote vya pembeni. Nyumba pekee ya binti ambayo hakuwa na kazi ya kumpeleka ilikuwa yangu. Mle ndani hapakuwa na msumari wake hata mmoja.

Alikuwa ananitumia sambaza, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa, kwa madereva wa malori waliokuja kupakia simenti. Nilikuwa nawakimbilia barabarani. "Mzee alisemaje?" nawauliza. "Amesema tukusalimie." Basi. Nakaa jikoni nawanusa wale sambaza, na nalia kidogo, halafu nawapika, maana babu yako alikuwa anawapenda pia.

Kisha nikamzaa mama yako. Mama yangu alishuka kutoka Kamembe, akakaa nami mpaka nikapata nguvu, akarudi. Baba alipata habari kwa dereva, jina la mjukuu wake pia kwa dereva. Asubuhi moja baada ya mama kuondoka nilikaa kwenye fotei ya ng'ambo na mtoto kifuani, machozi yakanitoka mpaka nikashindwa kuyazuia. Mama mkwe wangu, Mama Halima, aliyekuwa anakaa nyumba ya pili kutoka yetu, akaingia akanikuta hivyo. Mwanamke mnene, mwenye sauti ya sokoni na moyo laini, ambaye nilimwogopa mpaka siku ile.

"Unalilia nini? Mutoto ni muzima, maziwa iko."

"Baba hajamwona, Mama."

"Juu ya nini, sababu gani hakukuja?"

"Aje juu ya nini?" nikasema. "Humu hana kazi."

Mama Halima akasimama katikati ya chumba. Akatazama zile fotei, akatazama meza ya kioo, akalitazama kabati kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. "Kumbe," akasema. "Mu hii nyumba baba yako hana fasi." Akajifunga kitenge vizuri, akatoka kwenda barabarani kutafuta dereva.

Salamu aliyoituma ilikuwa moja: Papa Zaina, yaani baba yangu, aambiwe kwamba mtoto hana pa kulala. Jibu likarudi na lori: Mzee amesikia, anaomba vipimo, atatengeneza kitanda na kukituma. Mama Halima alikasirika mpaka dereva akarudi nyuma hatua. "Mwambie fundi hapimi mutoto kwa kinywa ya shofere! Akuje na mita yake!"

Akaja. Nakuambia akaja, mwanangu, akashuka kwenye lori la simenti na sanduku lake la vyombo begani, shati limepigwa pasi na kofia yake nyeupe kichwani. Nilimwona kutoka dirishani nikasahau kwamba mke wa mtu hapigi mbio. Alinishika kichwa, akamshika mtoto, akamwangalia vidole vya mikono na vya miguu jinsi alivyokuwa anakagua ubao. Lakini alipoingia ndani hakukaa kwenye fotei. Aliweka sanduku lake karibu na mlango akalikalia.

"Papa Zaina, ikala ku kiti," Mama Halima akamwambia.

"Hapa niko muzuri."

"Ikala. Weye njo uliinunua."

Akakaa, ukingoni kabisa, na skai ikatoa sauti yake ile ya aibu chini yake. Hakuna aliyecheka, ingawa nilijibana mbavu. Mama Halima akavuta mkeka akakaa chini mbele yake, ili asionekane anamsimamia, halafu akamwambia maneno ambayo sijawahi kuyasahau.

"Papa Zaina, tulituma bazee ku nyumba ya fundi, juu tulitaka mutoto wa fundi. Tulipata mutoto, na tukapata magazini nzima ya Bukavu. Aksanti. Lakini weye ulibakia wapi?"

Baba alitazama mikono yake. "Niliogopa midomo ya batu, Mama."

"Bale batu balitazama siku ile moja, bakarudia kupika. Balishasahau. Mutoto wako njo anaikala umu kila siku."

Baba akanigeukia. "Zaina, nilifikiri ninakuheshimisha."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu, mimi niliyekuwa nimeufunga tangu uchumba. "Baba, mi nilitaka kitanda yako."

Akavua kofia, akaifinyanga magotini, machozi yakamtoka mzee yule mbele ya mama mkwe wangu, bila kujificha. "Na mbao zako nimeziuza," akasema. Nikamwambia mbao ziko nyingi duniani, mimi nilikuwa na baba mmoja.

Akafanyia kazi uani, chini ya kivuli cha ukuta. Hakupata mvule. Alipata mbao za grevilea kwa watu wa jirani, na hazikuwa zimekauka sawasawa. Alijua, akanung'unika, lakini hakutaka kungoja. Sauti ya randa yake ilijaza ua, majirani wakaja kuchungulia, mmoja akaagiza benchi, mwingine meza ya kulia. Babu yako Ramazani, mpenzi wa fotei, akitoka zamu alikuwa anakwenda kumshikia mbao, wakaanza kuzoeana, wakaanza hata kutaniana. Jioni tulikula pamoja, na hakuna aliyesema Mzee Sefu amefuata chakula, maana alikuwa kazini.

Kitanda kikaisha, kidogo, kizuri, kina vizuizi pembeni ili mtoto asianguke. Tukamlaza mama yako. Akajigeuza, na kitanda kikalia, kriii. Akajigeuza tena, kriii. Ile mbao mbichi ilikuwa imeshaanza kujipinda kwa joto la Muganza. Baba akaona aibu, akachukua nyundo, akapiga goti, akaanza kutafuta kiungo kinacholia.

Mama Halima akamshika mkono.

"Acha, Papa Zaina. Usiitengeneze yote. Ikitulia kabisa, mwezi ujao utarudia juu ya nini?"

Baba alimtazama, kisha akaelewa, akacheka mpaka nyundo ikamtoka mkononi. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mbao zishushwe darini. Mwezi uliofuata alirudi, akakaza upande mmoja na kuacha mwingine. Akarudi tena mvua zilipoanza. Mama yako alipotoka kwenye kitanda kile walizaliwa wajomba zako, na kila mmoja alipewa kitanda kinacholia. Babu yako alisema ni nyumba yenye kelele kuliko kiwanda.

Halafu ilikuja miaka ile mibaya ya vita, ambayo leo siisemi. Tulivuka mto na watoto tu. Hatukubeba fotei wala kitanda, na tuliporudi hatukukuta hiki wala kile. Baba yangu alifia Bukavu, chumba cha kupanga, na aliyekuwa amemshika mkono alikuwa mama yako, msichana mdogo. Hakuwa ameogopa. Alikuwa anamjua babu yake vizuri sana. Na mimi nikiwatazama nikamshukuru Mama Halima kwa moyo wangu wote, kwa maneno yake ya siku ile kwenye mkeka.

Basi mwanangu, hilo ndilo jibu langu kwa picha zako. Sisemi vya ng'ambo ni vibaya, nimekalia vyangu miaka mingi na havikunitupa chini. Wala sisemi kila fundi wa hapa ni mwema. Wapo watakaokuuzia mbao yenye maji na kuapa imekauka. Ukienda kwa fundi, nenda mapema, mpe muda, iguse mbao kwa mkono wako, na usione haya kuuliza imekatwa lini. Ukipenda kochi moja la kwenye picha, nunua, likae sebuleni watu walitazame. Lakini kabla hujajaza nyumba, jiulize ni nani karibu yako ana mkono wa kukutengenezea kitu, na anangoja tu aombwe. Mjomba wako anachonga. Fundi wa pale njia panda alikubeba ukiwa mtoto. Waachie nafasi humo ndani, waingie na vyombo vyao na watoke wamekunywa chai. Kitu kilichotoka mbali kikianza kulia hakuna wa kumwita. Kilichotengenezwa hapa kikilegea, kinakuletea mtu mlangoni. Na ukipata mkwe, usingoje mzazi wake aone haya kuja. Mtafutie kazi.

Na wewe ukiwa mzazi, usidharau mikono yako kwa kuogopa macho ya barabarani. Mtoto wako hatazami ulitumia kiasi gani. Anatafuta ulipo.

Mungu akupe nyumba isiyokosa hodi. Akupe mume anayejua kushika ubao wakati mzee anapiga msumari, na mama mkwe mwenye sauti kubwa na moyo kama ule. Akupe watoto watakaowajua babu zao kwa sura na kwa kicheko, si kwa salamu za dereva. Nenda salama, mwanangu, na kabla hujanunua chochote, mpigie baba yako, umuulize yeye anataka kukutengenezea nini.